Mpangaji Akifa: Khabari ya Haki Zake Tangu Madina Hata Miji ya Ziwa Tanganyika

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika vitabu vya ukumbusho kama hiki ni ada kuandika khabari za misikiti na madarasa, na kuwataja kwa kheri wazee waliotangulia. Jambo hilo ni jema, wala hatulipunguzi. Lakini historia ya Waislamu wa nchi hizi haimo misikitini peke yake. Imo vile vile katika nyumba walizokaa, na wengi katika wazee wetu walikaa katika nyumba zisizokuwa zao. Mji wa Bujumbura, tangu siku ulipoitwa Usumbura, umekuzwa na watu waliotoka mbali: Ujiji, Manyema, Unyamwezi, na pwani. Na mtu atokaye mbali, kabla hajajenga, hupanga chumba. Wako waliopanga mwaka mmoja kisha wakajenga, na wako waliopanga maisha yao yote mpaka wakatolewa chumbani kwa jeneza.

Hapo ndipo huzuka swali ambalo kila ua wa kupangisha huletewa siku yake. Mpangaji akifa, mwenye nyumba afanyeje? Mjane atoke lini? Kodi iliyobaki atalipa nani? Ufunguo wa sanduku la marehemu ukae mkononi mwa nani? Wako wanaodhani kwamba mambo haya hayana hukumu, na kwamba kila mwenye nyumba hutenda apendavyo kwa kuwa nyumba ni yake. Si kweli. Jambo hili lina historia ndefu, na asili yake ni Madina, katika zama za Mtume mwenyewe (s.a.w.). Yatupasa tuijue historia hiyo, kwa sababu dhulma nyingi zinazotendwa katika nyumba za matanga hutendwa na watu wasiojua kwamba wanadhulumu.

KHABARI YA FURAY'A BINTI MALIK

Katika wanawake wa Ansari alikuwako mmoja jina lake Furay'a binti Malik, ndugu yake Abu Said al-Khudri, sahaba mashuhuri. Mumewe alitoka kuwafuatia watumwa wake waliotoroka, na alipowafikia mahali panapoitwa al-Qadum, wakamwua. Furay'a akaja kwa Mtume (s.a.w.) akitaka ruhusa arejee kwa jamaa zake wa Banu Khudra. Akaeleza shida yake: mumewe hakumwacha katika nyumba aliyoimiliki, wala hakumwachia cha kujikimu.

Mtume kwanza alimkubalia. Lakini alipokwisha kuondoka, naye hajafika mbali, aliitwa arudi, akaambiwa aisimulie tena khabari yake. Aliposimulia mara ya pili hukumu ikageuka: akaamriwa akae katika nyumba ile ile mpaka muda wake utimie. Furay'a akakaa eda yake humo, miezi minne na siku kumi, kama ilivyowekwa katika Suratul Baqara, aya ya 234. Baadaye, katika ukhalifa wa Seyyidna Uthman (r.a.), ambao ulikuwa baina ya mwaka 644 na 656, jambo kama hilo lilitokea tena. Khalifa akamwita Furay'a, akamwuliza, akasikia ushahidi wake, akahukumu kwa huo. Imam Malik aliyekufa mwaka 179 wa Hijra, yaani 795, aliandika khabari hii katika Muwatta, na Abu Daud na Tirmidhi nao waliipokea.

Wasomaji watukufu, litazameni vizuri jambo hili. Nyumba ile haikuwa milki ya marehemu. Mjane yule hakuwa na mali. Lau kama kifo cha mume kingekuwa ndicho kifungua mlango cha kumtoa mke katika nyumba ya watu, hapa ndipo hukumu hiyo ingalipasa kutajwa. Haikutajwa. Amri iliyokuja ilikuwa ni kukaa. Kwa hiyo msingi wa kwanza wa historia yetu ni huu: kifo hakifuti mara moja makazi ya waliobaki, hata kama nyumba si yao.

MAFAKIHI WALIVYOSEMA

Katika karne zilizofuata miji ya Kiislamu ilikua, na nyumba za kupangisha zikawa nyingi. Mafakihi wakaulizwa swali lenyewe waziwazi: mkataba wa ijara, yaani wa kupangisha, huvunjika kwa kifo?

Hapa walikhitilafiana. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa, aliyekufa mwaka 150 wa Hijra (767), walisema kwamba huvunjika. Hoja yao ni kwamba manufaa ya nyumba huja kidogo kidogo, siku baada ya siku. Na siku ambazo hazijafika marehemu hakuzimiliki bado, basi hawezi kuzirithisha. Wafuasi wa Imam Malik, na Imam Shafii aliyekufa mwaka 204 (820), na Imam Ahmad bin Hanbali, walisema kwamba hauvunjiki. Aliyepanga nyumba kwa muda maalumu amemiliki manufaa yake kwa muda huo, na akifa, warithi wake husimama mahali pake mpaka muda uishe.

Sisi wa Afrika ya Mashariki, walio wengi katika sisi ni Mashafii, na hukumu hii si ngeni kwetu. Imo katika matini ndogo ya Abu Shujaa, ambayo vijana wengi wameisoma mbele ya masheikh zao tangu pwani mpaka huku bara: ijara haibatiliki kwa kufa mmoja wa waliofunga mkataba, bali hubatilika kwa kuharibika kile kitu kilichopangishwa. Wengi tulihifadhi maneno hayo udogoni, lakini tulipopata nyumba za kupangisha tuliyasahau.

Juu ya mjane, Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), amefafanua zaidi katika Minhaj. Kwa kauli iliyo dhahiri katika madhehebu, mwenye eda ya kufiwa ana haki ya makazi, na gharama yake hutoka katika mali aliyoiacha marehemu. Kama nyumba ilikuwa ya kupanga na muda wake umekwisha, na mwenye nyumba hataki kuendelea kupokea kodi, hapo mjane huhamishwa. Kwa hiyo haki ya mwenye nyumba haikupuuzwa. Sharia haikumwambia akae na watu bure, wala haikumnyang'anya milki yake. Lakini ilimwekea mpaka: maadamu muda haujaisha, hana ruhusa ya kumtoa mtu; na muda ukiisha, akikubali kodi ya haki, mjane hukaa mpaka amalize eda yake.

Yafaa tuseme neno moja juu ya desturi yetu ya kupangisha kwa mdomo, mwezi kwa mwezi, bila ya kutaja mwisho. Mashafii katika kauli iliyo sahihi zaidi hawakupenda mkataba wa namna hiyo, kwa kuwa muda wake haujulikani, na wakasema kinachopasa hapo ni kodi ya mfano wake. Madhehebu mengine waliuhesabu kuwa sahihi kwa mwezi wa kwanza, na kila mwezi unaoanza huufunga upya. Maana yake kwetu ni nyepesi kufahamika: mpangaji akifa tarehe tano, naye amelipa mwezi mzima, siku zilizobaki ni mali ya warithi wake. Mwenye nyumba anayefunga chumba tarehe nane ameuza kitu kimoja mara mbili.

DENI LA MAREHEMU, NA AMANA ILIYO MKONONI

Upande wa pili wa jambo hili ni mali. Mpangaji aliyekufa huacha vitu chumbani: kitanda, masanduku, cherehani, bidhaa za duka, labda na fedha. Pengine huacha na kodi ya miezi miwili au mitatu asiyoilipa. Mwenye nyumba huona vitu mbele yake na deni kifuani mwake, na shetani humwambia avishike.

Suratun Nisaa, katika aya ya 11 na ya 12, imetanguliza wasia na deni kabla ya mgao wa warithi. Mafakihi wakapanga daraja zake: kwanza gharama za mazishi kwa kiasi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha urithi. Kodi iliyobaki ni deni la haki kabisa, wala warithi hawana ruhusa ya kuipuuza kwa kusema kwamba aliyedaiwa amekwisha kufa. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti aliyekuwa na deni, mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa, na baadaye, Mwenyezi Mungu alipomfungulia, akawa analipa mwenyewe deni la aliyekufa bila ya mali. Basi na wasikie warithi: kumficha mwenye nyumba kodi yake ni kumfunga marehemu wao.

Illakini mwenye nyumba ni mdai mmoja miongoni mwa wadai. Pengine muuza duka naye anadai, na rafiki aliyemkopesha, na mke ambaye mahari yake hayajaisha. Mali isipotosha, kila mmoja hupata kwa kadiri ya deni lake. Mwenye nyumba akijichukulia cherehani usiku kwa sababu ufunguo anao yeye, huwa amekula haki za wenziwe wote.

Mfano ulio bora katika jambo hili ni wa Zubair bin al-Awwam (r.a.). Aliuawa mwaka 36 wa Hijra (656). Sahih Bukhari yaeleza kwamba hakuacha dinari wala dirhamu, bali aliacha ardhi na nyumba: kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Na deni lake lilihesabiwa kuwa 2,200,000. Halikutokana na israfu. Watu walikuwa wakimletea amana, naye akiogopa zisipotee akazipokea kuwa mikopo ili ziwe juu yake. Mwanawe Abdallah alilipa madeni yote. Ndugu zake walipomtaka agawanye kilichobaki, alikataa mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija kwamba kila anayemdai Zubair na aje. Miaka minne ilipopita, ndipo akawagawia.

Mwana huyo alikuwa mrithi, na mali iko mkononi mwake, na hapakuwa na wa kumzuia. Hata hivyo alingoja miaka minne. Itakuwaje mtu ambaye si mrithi asiweze kungoja siku arobaini?

MGENI ASIYE NA JAMAA

Jambo huwa zito zaidi marehemu akiwa mgeni, jamaa zake wako mbali, wala hapana ajuaye njia ya kuwapelekea khabari. Katika historia ya dunia mali ya mgeni aliyekufa ilikuwa mtihani wa uaminifu wa nchi. Huko Ufaransa wafalme walikuwa na haki, kwa sheria yao, ya kuchukua mali ya mgeni aliyefia nchini mwao. Sheria hiyo ilifutwa katika mapinduzi mwaka 1790, na mabaki yake hayakuondoka kabisa mpaka mwaka 1819.

Linganisha na khabari ya Ibn Battuta. Msafiri huyo alifika nchi ya Mali, katika Afrika ya Magharibi, mwaka 1352. Hakuwa mwepesi wa kusifu, na yako mambo mengi ya nchi ile aliyoyalaumu. Lakini alipohesabu mema ya watu wake alitaja hili: hawakuwa wakigusa mali ya Mwarabu au Mberberi aliyefia kwao, ijapokuwa nyingi mno. Waliiacha mikononi mwa mtu mwaminifu katika jamaa za marehemu mpaka mwenye haki ajitokeze. Karne zaidi ya nne kabla Ufaransa haijaiacha sheria yake, Waafrika Waislamu walikuwa na desturi hii nao hawakuhitaji askari wa kuwalazimisha.

Na asili ya desturi hiyo twaijua. Mwaka 622, Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, alimwacha Seyyidna Ali nyuma ili awarudishie watu amana zao, na wenye amana zile walikuwa katika mji ule ule uliotaka kumwua. Amana haikutazama dini ya mwenyewe wala uadui wake. Basi mpangaji wetu akiwa Mkristo, au wa kabila jingine, au wa nchi nyingine, hukumu ya mali yake katika nyumba ya Mwislamu haibadiliki.

MIJI YA ZIWA TANGANYIKA

Sasa tuje kwetu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walikuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kutia mguu huko kwa biashara. Kutoka Ujiji watu walivuka hata Uvira na Manyema, na baadaye wakakaa kaskazini ya ziwa. Wajerumani walipoweka boma lao Usumbura mwaka 1897, walikuja na askari na wapagazi, na nyuma yao wakafuata wachuuzi na mafundi. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Waswahili wakakaa katika mtaa wao, na mtaa wa Buyenzi mpaka leo ni mashuhuri kwa Uislamu na kwa lugha ya Kiswahili.

Huko Kigali, mji ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, mambo yalikuwa karibu na hayo. Waislamu waliwekwa Biryogo, mahali palipoitwa Camp Swahili, na katika utawala wa Wabelgiji hawakuwa huru kutoka na kuhamia watakako pasipo ruhusa.

Katika mitaa ya namna hii nyumba moja ilikuwa na vyumba vingi vinavyotazamana, ua mmoja, kisima kimoja au bomba moja. Mwenye nyumba na mpangaji waliota moto mmoja. Ikawa mpangaji akifa, mwenye nyumba ndiye wa kwanza kujua, na mara nyingi ndiye wa kwanza kutafuta sanda. Watu wasio na ukoo mjini walifanya ujirani kuwa ukoo. Hiyo ndiyo sifa ya mitaa yetu, na haifai isahauliwe.

Lakini palikuwa na upungufu. Zanzibar na pwani ya Kenya walikuwa na makadhi waliotambuliwa na dola, na mtu aliyefiwa alijua mlango wa kubisha. Huku kwetu Waislamu walitegemea masheikh na wazee wa mtaa, ambao neno lao lilikuwa na heshima lakini halikuwa na nguvu ya serikali. Mwenye nyumba mcha Mungu alitii. Asiyemcha Mungu alifunga mlango kwa kufuli lake, na mjane akabaki nje na vyombo vyake.

SHERIA YA SERIKALI NAYO ILISEMAJE?

Wako wanaofikiri kwamba sheria ya Kizungu ilimpa mwenye nyumba uhuru wa kufanya hivyo. Nayo si kweli. Kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804, katika kifungu cha 1742, ilisema kwamba mkataba wa kupangisha hauvunjwi na kifo cha mwenye nyumba wala cha mpangaji. Ubelgiji waliifuata kanuni hiyo. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyowekwa katika Kongo juu ya mikataba, ilitoka katika shina hilo hilo. Na kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925, Ruanda-Urundi iliunganishwa na Kongo ya Wabelgiji katika utawala, na ndiyo njia iliyozileta sheria za Kongo mpaka Usumbura. Ruanda na Urundi zilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, mengi ya hayo yalirithiwa.

Tazama ajabu ya mambo. Fakihi wa Kishafii na mtunga sheria wa Paris, wasiojuana, kila mmoja kwa njia yake, walikutana katika neno moja: kifo hakivunji mkataba wa nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba wa mtaani kwetu aliyemtoa mjane siku ya tatu hakuwa na sharia ya dini ya kumtetea, wala msingi huo wa sheria ya serikali. Alikuwa na kufuli tu.

YAMPASAYO MWENYE NYUMBA

Kutokana na historia hii twaweza kutoa mafunzo ambayo kila mwenye nyumba aweza kuyafuata bila ya kupata hasara ya haki yake.

La kwanza ni la saa ile ile. Mpangaji akikutwa amekufa peke yake chumbani, mwili usiondolewe wala vitu visipekuliwe kabla hawajaitwa wakubwa wa mtaa na maofisa wahusikao. Kifo kiandikishwe katika ofisi ya serikali, kwa kuwa warithi watahitaji hati hiyo siku nyingi baadaye. Kisha jamaa, majirani na watu wa msikiti washirikiane katika mazishi, na gharama yake iandikwe.

La pili ni vitu. Viandikwe kimoja kimoja mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na karatasi mbili zifanywe: moja kwa mwenye nyumba, moja kwa mzee wa mtaa au imamu. Suratul Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandika deni la muda na kulishuhudiza. Na mali ya mtu asiyeweza tena kujisemea yastahili uangalifu usiopungua huo. Ufunguo ni bora usikae kwa mwenye nyumba peke yake. Jambo hili humhifadhi yeye kabla ya kumhifadhi mwingine, maana siku mrithi akija na kusema palikuwa na saa ya dhahabu, karatasi itajibu.

La tatu ni kodi. Mwenye nyumba aandike anachodai, aonyeshe na kile alichokwisha pokea. Kama alichukua fedha ya dhamana wakati wa kupangisha, fedha hiyo haikuwa zawadi. Ihesabiwe waziwazi, kinachopasa kikatwe, kinachobaki kiingie katika mirathi. Akipenda kusamehe, asamehe, na malipo yake yako kwa Mola wake. Lakini msimamizi wa nyumba ya yatima au ya wakfu hana ruhusa ya kusamehe kwa ukarimu ambao si wa mali yake. Huyo adai kwa upole, na ukarimu autoe mfukoni mwake.

La nne ni mjane. Asiulizwe habari ya kutoka katika siku za matanga. Muda uliolipiwa ni wake na warithi wenziwe. Muda ukiisha, wazungumze naye kwa kupitia walii wake au mzee, juu ya kodi ya miezi ya eda, itolewe katika mali ya marehemu kama ipo. Kama haipo, hapo ndipo mahali pa jumuiya na mfuko wa sadaka kusimama. Mwenye nyumba asiachiwe mzigo wote peke yake, maana huenda naye ni mama mkongwe mwenye chumba kimoja cha kupangisha, na kodi ile ndiyo unga wake. Dini haikuamrisha kumwondolea mjane mmoja taabu kwa kumtia mjane mwingine taabuni.

La tano ni warithi walio mbali. Kwa miaka mingi watu wa nchi hizi wametawanywa, mwaka 1972, na tena tangu mwaka 1993, na wengi wana ndugu Uvira, Kigoma, Kigali na mbali zaidi. Tangazo litolewe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, khabari ipelekwe kwa watu wa kwao, na mali ihifadhiwe kwa muda wa kutosha. Kama chumba chahitajiwa, vitu vyaweza kuhamishiwa mahali pa amana mbele ya mashahidi. Si lazima chumba kikae kitupu mwaka mzima. Vinavyooza viuzwe, na fedha yake iandikwe na kuwekwa.

La sita ni nuksi. Wako wenye nyumba wanaodai fidia kwa jamaa wa marehemu ati chumba kimeingia nuksi na hakuna atakayekipanga. Mtume (s.a.w.) amekataza itikadi za ndege mbaya. Hakuna nyumba ya kale isiyotoka jeneza. Na kama kifo kingeharibu nyumba, Madina yote isingekalika.

Na kwa wapangaji, maneno yao ni machache. Andikeni mkataba wenu na muda wake. Shikeni risiti za kodi. Mwambieni mtu mmoja mwaminifu jina la kwenu na la ndugu yenu wa karibu. Andikeni wasia na madeni yenu, mnayodai na mnayodaiwa. Mpangaji aliyeacha karatasi moja ya namna hiyo amempunguzia mwenye nyumba fitina, na amempunguzia mjane wake machozi.

Mitaa yetu ilijengwa na wageni, na kila mgeni alipokewa na mwenye chumba. Katika mwaka huu wa ukumbusho tutawahesabu wajenzi wa misikiti, na ni haki wahesabiwe. Lakini wako wenye nyumba wengi, waume kwa wake, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote, waliohifadhi masanduku ya wapangaji wao miaka mingi wakingoja mrithi aje, na waliomwambia mjane: kaa, mama, mpaka umalize eda yako. Nao vile vile waliujenga Uislamu katika nchi hizi. Mwenyezi Mungu awarehemu, na atujaalie sisi tulio hai tuwe waaminifu kwa waliokufa chini ya dari zetu. Amin.